Kulegea au Kulegezwa: Uhakiki wa Ushahidi kuhusu Nyuropeptidi na Misuli Laini ya Utumbo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki ushahidi uliokusanywa tangu mwisho wa karne ya 19 kuhusu namna nyuropeptidi zinavyodhibiti kulegea kwa misuli laini ya njia ya chakula. Mkazo umewekwa kwenye peptidi ya utumbo inayotanua mishipa ya damu, ambayo hujulikana kimataifa kwa ufupisho wa VIP. Katika miaka ya 1980 peptidi hiyo ilitetewa kuwa kipitishaji kikuu cha ujumbe wa kulegeza. Baada ya mwaka 1990, oksidi nitriki ilipotambuliwa, ilisukumwa pembeni. Makala yanadai kwamba hukumu zote mbili zilitokana kwa kiasi kikubwa na namna majaribio yalivyopangwa, hususani aina ya mnyama, sehemu ya utumbo, na muda wa mapigo ya umeme. Yanadai pia kwamba kitenzi “kulegea”, kilichozoeleka katika maandishi ya Kiswahili, kinamficha mtenda wa tendo linalochunguzwa, na kwamba uficho huo una madhara kwa mwanafunzi na kwa mgonjwa. Mwishoni yanapendekezwa maswali manne ambayo mtahini anaweza kuyatumia kupima tasnifu katika uwanja huu.

Dhana za Msingi: nyuropeptidi, VIP, misuli laini, oksidi nitriki, akalesia

1.0 Utangulizi

Mtu anapomeza tonge, sehemu ya juu ya tumbo lake hulegea kabla tonge halijafika. Mlango ulio chini ya umio, ambao muda mwingi hufungwa kwa nguvu ili asidi isipande kifuani, hufunguka kwa sekunde chache, hupitisha chakula, kisha hufunga tena. Tumbo tupu lenye nafasi ya mililita 50 hivi huweza kupokea lita moja na zaidi bila shinikizo la ndani kupanda sana. Chini zaidi, katika utumbo mwembamba na utumbo mpana, sehemu inayosukuma chakula kwa kukaza hutanguliwa na sehemu inayolegea ili kukipokea. Yote haya hutendeka pasipo mwenye mwili kuyaamua.

Katika maandishi ya Kiswahili ya biolojia na tiba, matendo haya huelezwa kwa kitenzi kimoja: misuli “hulegea”. Kitenzi hicho ni sahihi kisarufi, lakini kinalifunika swali lenyewe la kisayansi. Kulegea ni hali. Kamba hulegea, mwili wa mgonjwa hulegea, nidhamu ya shule hulegea. Katika matumizi hayo yote mtenda hatajwi, na mara nyingi kuna dokezo la udhaifu. Misuli laini ya utumbo hailegei kwa namna hiyo. Inalegezwa. Kuna seli ya neva inayotoa kemikali, kuna kipokezi kinachoidaka, na kuna mfuatano wa matukio ndani ya seli ya msuli unaogharimu nishati. Historia ya uwanja huu, kwa karne moja na ushei, ni historia ya kumtafuta mtenda wa kitenzi hicho.

Hoja ya makala haya ni kwamba utafutaji huo ulikwama kila mara ulipodai mtenda mmoja. Nyuropeptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino inayotengenezwa na kutolewa na seli za neva, zilipewa kwanza nafasi kubwa kuliko ushahidi ulivyoruhusu, kisha zikanyang'anywa nafasi hiyo kwa ushahidi ambao nao haukuwa umeundwa kuziona. Uhakiki huu hauleti data mpya ya maabara. Unasoma upya data iliyopo na kuuliza kila jaribio lingeweza kuona nini, na nini kisingeweza kuonekana humo hata kama kipo.

2.0 Swali Lilivyozaliwa

Mwaka 1899 William Bayliss na Ernest Starling, wakifanya kazi London, walichapisha uchunguzi wao wa miendo ya utumbo mwembamba wa mbwa. Walionesha kwamba kichocheo kikiwekwa mahali fulani ndani ya utumbo, upande wa juu hukaza na upande wa chini hulegea, na kwamba mwitiko huo unategemea mtandao wa neva uliomo ndani ya ukuta wa utumbo wenyewe. Waliita kanuni hiyo sheria ya utumbo. Umuhimu wake kwa mjadala wetu ni kwamba kulegea kuliwekwa kwenye daraja moja na kukaza. Yote mawili yakawa majibu yanayotolewa na neva.

Hata hivyo, kwa zaidi ya nusu karne iliyofuata, fikra juu ya neva za ndani zilitawaliwa na jozi ya vipitishaji viwili: asetilikolini iliyodhaniwa kukaza utumbo, na noradrenalini iliyodhaniwa kuulegeza. Jozi hiyo iliyumba mwaka 1963 na 1964, pale Geoffrey Burnstock na wenzake huko Melbourne walipochochea neva za ukanda wa msuli wa utumbo mpana wa simbilisi baada ya kuizuia asetilikolini kwa atropini. Msuli ulilegea, na umeme wa utando wa seli zake ulishuka chini ya kiwango cha mapumziko. Majaribio yaliyofuata yalionesha kwamba kuzizuia neva za noradrenalini hakukuuondoa mwitiko huo. Mwaka huohuo wa 1963 Martinson na Muren walitoa matokeo yanayokaribiana na hayo kwa tumbo la paka. Kwamba chanzo ni neva kunathibitishwa hadi leo kwa tetrodotoksini, sumu ya samaki bunju anayeogopwa na wavuvi wa pwani yetu: ikiwekwa kwenye maji ya majaribio, neva hunyamaza na kulegea huko hutoweka.

Neva hizo zikapewa jina la kukanusha: neva zisizo za adrenalini wala za asetilikolini. Kihakiki, jina hili linastahili kutazamwa kwa makini. Lilisema neva hizo si nini, nalo likaacha nafasi moja tupu iliyoonekana kusubiri jina moja. Kosa la mantiki lilianzia hapo. Kukanusha vitu viwili hakuthibitishi kwamba kilichobaki ni kimoja. Hata hivyo mijadala ya miaka 30 iliyofuata iliendeshwa kana kwamba kiti ni kimoja na wagombea ni wengi.

3.0 Kupanda kwa VIP

Mgombea wa kwanza hakuwa peptidi. Mwaka 1970 Burnstock na wenzake walipendekeza ATP, molekuli inayojulikana zaidi kama sarafu ya nishati ya seli, na mwaka 1972 Burnstock akaziita neva hizo za pyurini. Pendekezo hilo lilipingwa vikali. Mwaka huohuo wa 1970 Sami Said na Viktor Mutt walitangaza kuitenga kutoka kwenye utumbo mwembamba wa nguruwe peptidi yenye athari nyingi, ambayo baadaye ilionekana kuwa na asidi amino 28. Waliitambua kwa uwezo wake wa kutanua mishipa ya damu, na jina lake likafuata uwezo huo.

Jina hilo liliathiri usomaji. Peptidi iliyopatikana utumboni na kutajwa kwa kazi yake kwenye mishipa ya damu ilidhaniwa mwanzoni kuwa homoni, yaani kitu kinachosafiri ndani ya damu. Ugonjwa uliokwisha kuelezwa na Verner na Morrison mwaka 1958, ambapo uvimbe wa kongosho huambatana na kuharisha maji mengi na kupungukiwa potasiamu, ulihusishwa na VIP mwaka 1973 kwa kazi ya Bloom, Polak na Pearse. Hapo VIP kweli hujaa ndani ya damu. Lakini katika mwili wenye afya hali si hiyo. Kufikia mwaka 1976 ilibainika kwamba VIP imo ndani ya seli za neva na nyuzi zake, zikiwemo zile zinazoingia kwenye tabaka la misuli. Ikivuja kuingia kwenye damu, nusu yake huvunjwa ndani ya dakika chache. Mtafiti anayepima VIP katika damu ya mkono na kutoa hitimisho juu ya msuli wa tumbo anapima mabaki ya mazungumzo yaliyokwisha.

Baada ya hapo ushahidi ulikusanyika kwa kasi. VIP iliwekwa kwenye vipande vya misuli, navyo vikalegea. Neva zilipochochewa, VIP ilitolewa. Mwaka 1980 Goyal, Rattan na Said waliripoti kuhusu msuli unaofunga chini ya umio wa oposamu kwamba seramu yenye kingamwili dhidi ya VIP ilipunguza kulegezwa kulikosababishwa na VIP na kule kulikosababishwa na neva. Mwaka 1985 Grider, Makhlouf na wenzao walitoa matokeo ya mwelekeo huo kwa simbilisi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, wasomaji wengi waliona kwamba kiti kimepata mwenyewe.

Ushahidi huo ulikuwa wa kweli, ila hitimisho lilipita mpaka wake. Kwanza, kupunguza si kufuta. Seramu iliyopunguza mwitiko ilithibitisha kwamba VIP inashiriki. Kiasi cha mwitiko kilichobaki kilihitaji maelezo, lakini mara nyingi kilihesabiwa kuwa udhaifu wa seramu. Huenda ilikuwa hivyo, kwa kuwa kingamwili ni molekuli kubwa isiyopenya kirahisi baina ya neva na msuli. Lakini dhana ya kwamba kilichobaki nacho ni VIP isiyofikiwa haikujaribiwa, ilidhaniwa tu. Pili, vizuizi vya vipokezi vya VIP vilivyokuwapo wakati huo vilikuwa dhaifu, hivyo kushindwa kwake na kufaulu kwake vyote vilikuwa vigumu kufasiriwa. Tatu, matokeo ya umio wa oposamu na ya utumbo wa simbilisi yalisomwa kana kwamba utumbo wote wa mamalia wote ni kiungo kimoja.

4.0 Kushuka kwa VIP baada ya 1990

Mwaka 1990 Bult na wenzake nchini Ubelgiji walichapisha jaribio lililobadili mjadala. Walichukua sehemu ambapo utumbo mwembamba wa mbwa huungana na utumbo mpana, wakachochea neva zake, na kuyapitisha maji yaliyotoka hapo juu ya vipande vya mshipa mkuu wa damu wa sungura uliokwanguliwa tabaka lake la ndani. Mshipa huo ulilegea. Kitu kilichotolewa kilikuwa na tabia za oksidi nitriki, gesi ambayo miaka michache kabla hakuna aliyetarajia kuikuta miongoni mwa vipitishaji vya neva. Mwaka huohuo Bredt, Hwang na Snyder walionesha kwamba kimeng'enya kinachoitengeneza kimo ndani ya seli za neva, zikiwemo za utumbo. Mwaka 1993 Huang na wenzake walielezea vipanya vilivyoondolewa jeni ya kimeng'enya hicho: matumbo yake yalikuwa yamepanuka kupita kiasi, na mlango wa kutokea tumboni ulikuwa na misuli minene.

Mbele ya ushahidi huo VIP ilianza kutajwa kwa maneno ya kupunguza, kama “msaidizi” au “kirekebishi”. Makala haya hayapingi nafasi ya oksidi nitriki, kwa sababu ushahidi wake ni imara. Yanachopinga ni hatua ya pili, yaani kuichukulia nguvu ya mgombea mmoja kuwa ushahidi dhidi ya mwingine.

Tatizo la msingi lilikuwa muda. Majaribio mengi hupima mwitiko wa msuli kwa mapigo machache ya umeme yanayodumu kwa sekunde chache, kwa kuwa mwitiko mfupi ni safi na hurudiwa kwa urahisi. Lakini nyuropeptidi hazikai ndani ya seli kwa namna ya molekuli ndogo. Hutengenezwa katika mwili wa seli ya neva, hufungashwa kwenye vifuko vikubwa, husafirishwa kando ya uzi wa neva, na hutolewa zaidi pale mapigo yanapokuwa ya kasi au ya muda mrefu. Jaribio la mapigo mafupi linachochea kwa namna inayopendelea molekuli ndogo, kisha linatangaza kwamba molekuli ndogo ndizo zilizoshinda.

Ushahidi wa jambo hili ulikuwapo mapema. Katika sehemu ya juu ya tumbo la panya, Li na Rand (1990) pamoja na D'Amato na wenzake (1992) walionesha kwamba kulegezwa kwa neva kuna sehemu mbili. Kuzuia utengenezaji wa oksidi nitriki kuligusa hasa mwanzo wa haraka. Kuiondoa VIP, kwa mfano kwa kimeng'enya kinachovunja peptidi, kuligusa hasa sehemu inayodumu. Swali “ni VIP au ni oksidi nitriki?” lilikuwa limejibiwa katika kiungo hicho: ni zote, kila moja kwa wakati wake. Kilichokosekana ni utayari wa kulibadili swali.

Hata vipanya visivyo na jeni havimalizi ubishi. Vile visivyo na jeni ya VIP, vilivyoelezwa na Lelievre na wenzake mwaka 2007, navyo vilionesha kasoro za utumbo, zikiwemo kunenepa kwa misuli na kupita kwa chakula kwa shida. Mnyama aliyekosa molekuli tangu kutungwa mimba amekua bila hiyo, na kiungo chake kimejengeka bila hiyo. Kasoro tunayoiona kwake huchanganya kazi ya ukuaji na kazi ya kila siku. Kanuni hii inapaswa kutumika kwa usawa kwa VIP na kwa oksidi nitriki.

5.0 Watenda Kadhaa, Njia Kadhaa

Seli ya msuli laini hukaza kalsiamu inapoongezeka ndani yake. Kalsiamu hujifunga na protini ya kalmodulini, na kwa pamoja huamsha kimeng'enya kinachoipa miosini fosfati. Miosini yenye fosfati ndiyo inayovuta. Kulegeza msuli ni kuurudisha nyuma mfuatano huo, ama kwa kupunguza kalsiamu, ama kwa kuiondolea miosini fosfati. Kuna njia tatu zilizothibitishwa vyema za kufikia hapo.

Njia ya kwanza ni ya pyurini, yaani ATP na molekuli za ukoo wake. Hizi hushika kipokezi cha P2Y1 na kufungua milango ya potasiamu ambayo hufungwa na apamini, sumu inayotoka kwa nyuki. Potasiamu ikitoka, umeme wa utando hushuka kwa haraka na milango ya kalsiamu hufunga. Tafiti za karne hii zinaonesha kwamba sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika katika seli za kati zinazokaa baina ya neva na msuli. Njia ya pili ni ya oksidi nitriki, inayopenya utando bila kuhitaji kipokezi cha nje, ikaongeza GMP ya mzunguko ndani ya seli. Njia ya tatu ni ya peptidi. VIP, pamoja na ndugu yake PACAP iliyogunduliwa mwaka 1989 katika ubongo wa kondoo, hushika vipokezi vya utando, hasa kile kiitwacho VPAC2 kwenye msuli, na kuongeza AMP ya mzunguko. Hii huchelewa kuanza na huchelewa kuisha.

Kati ya njia ya pili na ya tatu pana ubishi unaohitaji uangalifu wa msomaji. Makhlouf na Murthy walidai kwamba VIP huifanya seli ya msuli yenyewe itengeneze oksidi nitriki, hivyo njia hizo mbili zingefuatana kama viungo vya mnyororo. Dai hilo lilijengwa zaidi juu ya seli zilizotenganishwa moja moja kwa vimeng'enya. Watafiti waliotumia vipande vizima vya msuli mara nyingi hawakuuona mfuatano huo, na wengine walidokeza kwamba utenganishaji wa seli wenyewe huweza kuamsha utengenezaji wa oksidi nitriki. Tasnifu inayolinukuu dai hilo bila kutaja aina ya maandalizi inamkabidhi msomaji nusu ya habari.

Zaidi ya hayo, nyuropeptidi hazimalizi kazi kwenye msuli. Baadhi yake hudhibiti seli za neva zinazotoa VIP. Enkefalini, peptidi za jamii ya afyuni zilizotambuliwa Aberdeen na Hughes na Kosterlitz mwaka 1975, hupunguza utoaji wa vipitishaji kutoka kwa neva za utumbo, na hii ni sababu mojawapo ya mofini kuleta ukosefu wa choo. Grider na Makhlouf walionesha katika utumbo mpana wa panya kwamba somatostatini huzinyamazisha neva za enkefalini, na kwa kufanya hivyo huiachia VIP itolewe zaidi. Anayezuia amezuiwa, na msuli unalegezwa. Mfano huu unaonesha udhaifu wa kuorodhesha peptidi kwa athari zake juu ya kipande cha msuli pekee: peptidi isiyougusa msuli moja kwa moja inaweza kuwa ndiyo inayoamua kama msuli utalegezwa.

6.0 Kilicho Hatarini kwa Mgonjwa

Ubishi huu ungekuwa wa maabara tu kama usingekuwapo ugonjwa wa akalesia. Mgonjwa wa akalesia humeza, na chakula husimama kifuani kwa sababu mlango wa chini wa umio haufunguki. Hupungua uzito, hutapika chakula kisichomeng'enywa, na usiku huweza kukivuta kwenye mapafu. Jina la ugonjwa, lililoenezwa na Arthur Hurst wa Uingereza katika miaka ya 1920, limeundwa kwa Kigiriki kwa maana ya kutolegea. Kama kitenzi chetu, jina hilo linauelekezea msuli lawama. Ila tangu miaka hiyohiyo ilionekana kwamba seli za neva zilizomo ukutani mwa umio huo zimepungua au zimekwisha. Msuli upo na una nguvu. Aliyepotea ni anayeulegeza.

Mwaka 1983 Aggestrup na wenzake waliripoti kwamba nyuzi za neva zenye VIP zimetoweka katika umio wa wagonjwa hao. Mwaka 1993 Mearin na wenzake waliripoti kwamba kimeng'enya cha oksidi nitriki nacho kimekosekana. Kila ripoti ilisomwa na wafuasi wa upande wake kama ushahidi wa kitabibu. Usomaji huo hausimami, kwa kuwa neva nyingi zinazolegeza hubeba VIP na kimeng'enya hicho kwa pamoja. Seli inapokufa, vyote viwili hufa nayo. Kufa kwa seli hakuwezi kutuambia ni kipi kati ya mizigo yake kilichokuwa kikifanya kazi. Tahadhari hiyohiyo inahusu ugonjwa wa Hirschsprung, ambapo mtoto huzaliwa bila seli za neva katika sehemu ya mwisho ya utumbo mpana na sehemu hiyo hubaki imebana. Inahusu pia watoto wachanga wenye kubana kwa mlango wa kutokea tumboni, ambao Vanderwinden na wenzake (1992) walikuta kimeng'enya cha oksidi nitriki kimekosekana katika neva za tabaka la msuli wa mviringo.

Matibabu ya akalesia yanathibitisha ukubwa wa pengo. Upasuaji aliouanzisha Ernst Heller mwaka 1913 hukata msuli. Puto hupasua nyuzi zake. Sindano ya sumu ya botulinamu huzuia utoaji wa asetilikolini, yaani humnyamazisha anayekaza. Dawa za naitreti huleta oksidi nitriki kutoka nje, kwa mwili mzima, na kichwa huuma. VIP haiwezi kutolewa kama dawa ya kawaida kwa sababu huvunjwa upesi na hushusha shinikizo la damu. Hakuna hata moja kati ya njia hizi inayomrudisha mtenda aliyepotea. Mtafiti anayeamini kwamba mtenda ni mmoja atatafuta dawa moja ya kumwigiza. Anayekubali kwamba seli ileile ilitoa ujumbe wa haraka na ujumbe wa kudumu ataelewa kwa nini mwigo wa kemikali moja haujatosha, na ataitazama seli yenyewe.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yamedai kwamba VIP haikustahili ufalme wa miaka ya 1980 wala uhamisho wa miaka ya 1990. Ushahidi uliopo unaipa kazi mahususi: pamoja na PACAP, ni ujumbe wa kulegeza unaodumu, unaotolewa neva inapofanya kazi kwa kasi au kwa muda, sambamba na pyurini na oksidi nitriki zinazoanza mapema. Uzito wa kila mmoja hutofautiana kati ya mnyama na mnyama, na kati ya umio, tumbo na utumbo.

Kwa mintarafu hiyo, mtahini anayesoma tasnifu katika uwanja huu anaweza kuuliza maswali manne. Je, mtafiti ametaja mnyama na sehemu ya utumbo kila anaponukuu tokeo, au amesema “utumbo” kana kwamba ni mmoja? Je, ametaja kasi na muda wa mapigo ya umeme, na je, muda huo ungeiruhusu peptidi kutolewa? Je, ameeleza mwitiko uliobaki baada ya kizuizi, au ameupuuza? Je, ametofautisha kupotea kwa seli na kupotea kwa molekuli?

Swali la lugha linaambatana na hayo. Kiswahili kina uwezo ambao hatujautumia vya kutosha: kwa kubadili kiambishi tamati tunapata kulegea, kulegeza na kulegezwa, na kila umbo lina madai yake. “Msuli umelegea” ni maelezo ya kilichoonekana kwenye chombo cha kupimia. “Neva imelegeza msuli” ni dai linalohitaji tetrodotoksini kulithibitisha. “Msuli umelegezwa na VIP” ni dai zito zaidi, linalohitaji kuonesha kwamba VIP imo, imetolewa, imepokewa, na kwamba ikiondolewa sehemu fulani ya mwitiko huondoka nayo. Mwanafunzi atakayelichagua umbo la kitenzi kwa kuzingatia ushahidi alio nao atakuwa amefanya nusu ya uhakiki kabla tasnifu haijamfikia mtahini. Na daktari anayemweleza mgonjwa wa akalesia kwamba msuli wake “haulegezwi” atakuwa amemweleza ukweli wa ugonjwa wake kwa neno moja, bila kuutwisha msuli kosa ambalo si lake.